Namba za kwenye boksi la simu na laptopu: zilianzaje, zinatuuziaje, na zile ambazo hazijawahi kuandikwa

#1 Mleta uzi

Wakuu kwema? Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aupitie baadae akiwa ametulia.

Wiki iliyopita nilishika simu yangu ya zamani, ile ambayo kwenye boksi waliandika KAMERA NNE kwa maandishi makubwa kuliko jina la simu yenyewe. Nikafungua kamera nikaweka kidole juu ya lensi ya kwanza, kioo kikawa cheusi, sawa. Nikaweka kwenye picha pana nikaziba ya pili, kioo kikawa cheusi, sawa. Nikarudi kawaida nikaziba ya tatu, hakuna kilichobadilika. Ya nne, hakuna kilichobadilika. Nikaingia sehemu ya kupiga vitu vya karibu ndo ile ya tatu ikaamka, megapikseli 2, nikapiga jani la mti likatoka na ukungu kuliko nikilipiga na kamera kubwa halafu nikakata pembeni. Ya nne inapima umbali tu, nayo megapikseli 2, picha yake sijawahi kuiona na sitaiona. Nimetembea na hiyo simu miaka mitatu najua nina kamera nne.

Kampuni siitaji, na kwa kweli siyo moja tu inayofanya hivyo. Kilichoniuma ni kwamba nililipia ile namba. Nilikuwa na simu mbili mezani siku ile, nikachagua hii kwa sababu ya nne dhidi ya mbili.

Tangu hapo nimekuwa nasoma sana historia ya hivi vitu, na kuna jambo naliona linajirudia. Namba inaanza kama kipimo cha kweli cha kitu ambacho mhandisi anahangaika nacho. Watu wa masoko wanaiokota kwa sababu inaandikika vizuri kwenye boksi. Sisi wanunuzi tunaizoea, tunaanza kuiulizia. Halafu miaka ikipita kitu kinatengenezwa ili namba ipande, hata kama mkononi hakuna unachopata. Na yale mambo yaliyobadilisha kweli namna tunavyobeba simu na kompyuta, mengi hayakuwa na namba kabisa. Ntatoa mifano, msiondoke.

#2

Nimekaa mkuu, endelea. Hiyo ya kidole nimejaribu sasa hivi, yangu ina tatu, moja haizimi kitu.

#3 Mleta uzi

Tuanzie mbali. Simu ya kwanza ya mkononi kupigwa hadharani ni tarehe 3 Aprili 1973, New York, Martin Cooper wa Motorola. Watu wengi wanaijua hiyo. Ambacho hatukisemi sana ni alimpigia nani. Alimpigia Joel Engel wa Bell Labs, yani mshindani wake, ambaye kampuni yao wakati huo ilikuwa inafikiria simu za kwenye magari. Akamwambia nakupigia kwa simu ya mkononi, simu halisi, unaibeba. Na waandishi wa habari walikuwa wameitwa siku hiyohiyo. Kwahiyo simu ya kwanza kabisa ya mkononi ilikuwa tangazo la biashara. Ilikuwa bado haiuzwi popote, na ilichukua miaka kumi na kama dola milioni 100 za Motorola mpaka DynaTAC 8000X ikafika sokoni, bei dola 3,995, uzito zaidi ya robo tatu ya kilo, unaongea nusu saa unachaji masaa kumi.

Sasa angalieni hapo. Ukiiweka kwenye jedwali ile simu ilishindwa na simu ya gari kila kitu. Simu ya gari inakula betri ya gari, ina nguvu, haina shida ya uzito. Cooper alichokuwa anauza ni wazo moja tu, kwamba namba ya simu iwe ya mtu na siyo ya mahali. Zamani ulikuwa unapigia nyumba, unapigia ofisi, unapigia gari, unasubiri aliyepokea akuitie mtu wako. Leo unampigia mtu. Hilo wazo halikuwa na kipimo cha kuandikwa kwenye boksi na ndilo lililoshinda.

Upande wa kompyuta za kubeba, mwaka 1981 Adam Osborne alitoa Osborne 1, dola 1,795. Ilikuwa kama mashine ya kushonea, karibu kilo 11, kioo inchi 5, herufi 52 tu kwa mstari, kwahiyo ukiandika barua ndefu unaisukuma skrini kulia na kushoto kama mtu anayesoma gazeti kwa tundu la mlango. Betri ndani hakuna, lazima utafute umeme. Lakini jamaa alifanya kitu cha akili sana, alifungasha na programu za kuandikia na za mahesabu ambazo peke yake kununua zingekaribia bei ya mashine nzima. Mtu akinunua anaanza kazi siku hiyohiyo. Zilifika hatua zinauzwa kama elfu 10 kwa mwezi.

Halafu akaanza kuwaonyesha waandishi modeli inayofuata kabla haijawa tayari, maduka yakakata oda wakisubiri mpya, na wakati huohuo Kaypro walikuwa na kioo cha inchi 9 kwa bei ileile, Compaq nao wametoa ya kwao inayokubali programu za IBM. Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Watu wa masoko mpaka leo hilo kosa la kutangaza kipya mapema wanaliita kwa jina la Osborne. Mimi naona ni kumwonea kidogo maana washindani ndo walimmaliza zaidi, ila tujue tu kwanini makampuni leo yanaficha simu mpaka siku ya mwisho.

#4

Mkuu hapo kwa Compaq umepita haraka sana. Ile Compaq Portable ilikuwa nzito kuliko Osborne, karibu kilo 13, na ghali zaidi, dola 2,995. Kwenye namba ilishindwa vyote viwili, uzito na bei. Ila ilikuwa inaendesha programu za IBM PC bila kubadilisha kitu, mwaka wa kwanza kampuni ikauza ya dola milioni 111. Hiyo inaunga mkono hoja yako.

#5 Mleta uzi

Kabisa mkuu, nashukuru, hilo ni fundisho zuri kuliko la kwangu. Mtu alikuwa yuko tayari kubeba kilo 13 ili mradi faili la ofisini lifunguke nyumbani.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, na uko mbele ya kila mwenye laptopu anayesoma hapa. Weka mikono yako kwenye kibodi kama unaandika. Viganja vyako vimelala wapi? Kwenye ile sehemu tupu ya mbele, na katikati yake kuna kipande cha kuendeshea mshale. Laptopu za miaka ya 80 hazikuwa hivyo, kibodi ilikuwa imekaa mbele kabisa ukingoni, viganja vinaning'inia hewani. Apple mwaka 1989 walitoa Macintosh Portable, kioo kizuri sana kwa wakati wake, lakini kilo 7 na betri ya risasi kama ya gari, kwa dola 6,500 ikakosa wanunuzi. Oktoba 1991 wakaja na PowerBook, wakaisukuma kibodi nyuma kuelekea kwenye kioo, mbele wakaacha nafasi ya viganja na katikati wakaweka kimpira cha kuzungusha mshale. Basi. Ndani ya miaka michache kila kampuni ikafuata na mpaka leo karibu kila laptopu duniani imekaa hivyo. Kuna boksi lililowahi kuandika "sehemu ya kulaza viganja, sentimita kadhaa"? Hakuna.

Na mwingine. Jeff Hawkins alivyokuwa anatengeneza Palm Pilot, kidaftari cha kielektroniki cha mfukoni, alichonga kipande cha mbao cha saizi ya mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Akiwa kwenye kikao mtu akimuuliza ijumaa una nafasi, anatoa ubao wake, anagusagusa na kijiti kama anaangalia kalenda, anajibu. Wiki kadhaa hivyo. Alikuwa anajipima mwenyewe, je nitakitoa mfukoni mara ngapi, na nikikitoa nitataka kufanya nini. Jibu likawa vitu vinne tu hivi, kalenda, namba za watu, mambo ya kufanya, na kuandika kidogo. Ikatoka 1996 kwa dola 299 na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Wakati huo Newton, kidaftari kama hicho cha Apple kilichotoka 1993, ilikuwa na prosesa kali kuliko hiyo na mambo mengi zaidi, ila mfukoni haiingii na mwandiko wako ilikuwa inausoma vibaya. Pilot ikauzika sana, Newton ikasitishwa 1998.

Nikifikiria mtu mzima, mhandisi, anaongea na kipande cha mbao kwenye kikao mbele za watu, namheshimu sana.

#6

Samahani kuingilia wakuu, mimi nimeuza simu miaka sita, naomba niseme upande wetu kidogo.

Mteja anaingia, swali la kwanza "ina GB ngapi". La pili kamera. La tatu betri. Mimi nikianza kumwelezea viganja na ubao wa Hawkins ameshaondoka. Na siyo kwamba mteja hana akili. Hanijui. Mimi ni muuzaji, kila nitakachosema anajua nina faida nacho. Namba ndo kitu pekee ambacho anaweza kunilinganisha nacho na muuzaji wa jirani bila kuniamini. Ukimnyang'anya namba umemwacha na maneno yangu matupu. Kwahiyo msizilaumu namba sana, kabla ya namba kulikuwa na "hii ni nzuri niamini mimi".

#7 Mleta uzi

Mkuu #6 hii nimeisoma mara mbili. Upo sahihi na sina cha kubisha. Namba ni kinga ya mnunuzi. Shida yangu ni pale kinga inapogeuzwa chambo.

Mfano mkubwa kuliko wote ni gigahezi. Mwaka 1991 Intel walianza kampeni ya kubandika stika yao kwenye kompyuta za watu wengine, wakawa wanachangia gharama za matangazo kwa kila kampuni inayoweka ile stika. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akaanza kuuliza kilichomo ndani ambacho hakioni wala hakigusi. Na kipimo walichomfundisha ni kasi ya saa ya prosesa, yani inapiga mapigo mangapi kwa sekunde, megahezi, baadae gigahezi. Miaka ya mwanzo kipimo kilikuwa kinasema kweli maana prosesa zilikuwa zinafanana jinsi zinavyofanya kazi, yenye megahezi nyingi ni kweli inakimbia. Halafu mwaka 2000 ikaja Pentium 4, ilitengenezwa kwa namna ambayo namba inapanda sana ila kazi inayofanyika kwa kila pigo la saa inapungua. Ni kama mtu anayepiga hatua nyingi fupifupi, ukihesabu hatua anakushinda, ukipima umbali mpo naye.

Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuvumilia. Kwenye laptopu ile kitu ilikuwa joto na betri inaisha. Kwahiyo Intel haohao Machi 2003 wakatoa Pentium M kwa ajili ya laptopu, gigahezi 1.6 hivi, na ilikuwa inafanya kazi sawa na Pentium 4 za gigahezi nyingi zaidi huku ikila umeme kidogo sana. Shida ikawa, unaiuzaje? Umemfundisha mteja miaka kumi kwamba gigahezi ndo kila kitu, leo unamwambia chukua yenye ndogo na ulipe zaidi. Ndo wakaja na jina Centrino, wakaunganisha prosesa, chipu zake na Wi-Fi kuwa kifurushi kimoja, matangazo yote yakawa yanamwonyesha mtu anafanya kazi sehemu yoyote bila waya. Gigahezi hawakuitaja sana. Oktoba 2004 wakafuta kabisa mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Kampuni iliyojenga ile namba ndiyo iliyolazimika kuwafanya watu waisahau.

#8

Na kwenye kamera ni hivyohivyo eti? Maana naona simu za megapikseli 108 bei ya chini kuliko za 12.

#9 Mleta uzi

Ndiyo. Simu ya Sharp ya mwaka 2000 kule Japani, J-SH04, ilikuwa na kamera ya pikseli laki moja na elfu kumi, yani megapikseli 0.11. Hapo kwenda megapikseli 1, kwenda 2, kwenda 5, kila hatua ni tofauti unayoiona kwa macho. Ukifika 10 na kitu, picha inajaa kioo cha simu na inabaki, hata kuchapa karatasi kubwa unachapa. Kinachokusumbua kuanzia hapo ni mwanga. Sensa, yani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni kama sufuria za kukinga mvua zimepangwa uwanjani, uwanja ni uleule, ukiongeza idadi ya sufuria kila moja inakuwa ndogo na inakinga maji kidogo. Ndo maana hizo za 108 kwa kawaida zinaunganisha pikseli tisa kuwa moja, na picha unayoipata ni ya megapikseli 12. Nenda kwenye picha yako uangalie taarifa zake utaona mwenyewe.

Nisieleweke vibaya, kuunganisha pikseli ni ufundi halali na kuna sensa kubwa za 108 zinatoa picha nzuri sana mchana. Ila iPhone zilikaa kwenye 12 kuanzia 2015 mpaka 2021 na picha zake zilizidi kuwa nzuri kila mwaka, Pixel za Google nazo zilikaa 12 miaka mingi na mwaka 2018 zikaja na picha za usiku zilizoshangaza watu. Kilichokua ni sensa, lensi, na programu inayopiga picha nyingi haraka haraka na kuzichanganya kuwa moja. Ukubwa wa sensa ndo namba ningependa ije mbele ya boksi, huwa imejificha ndani ya jedwali kama sehemu ya inchi, wengi hatuiangalii.

#10

Mimi swali langu dogo tu, mwenye kujua anisaidie. Betri ya simu yangu imeandikwa mAh 5000. Betri ya laptopu yangu, ambayo ni kubwa kama rula na nzito, imeandikwa mAh 4400. Inakuwaje kidude cha simu kiwe na chaji nyingi kuliko laptopu? Na laptopu niliuziwa diski ya gigabaiti 512, Windows inaniambia 476. Nimeibiwa?

#11

Dada au kaka #10 ngoja nikujibu mimi, kazi yangu ni kutengeneza hivi vitu kila siku.

mAh peke yake haikuambii umeme ulionao mpaka uzidishe na volti. Simu mAh 5000 ina volti kama 3.85, unapata wati-saa 19 na kidogo. Betri ya laptopu yako geuza chini usome, nadhani imeandikwa volti 11.1. Zidisha na 4.4, unapata karibu wati-saa 49. Kwahiyo laptopu inabeba zaidi ya mara mbili na nusu. Ni seli zilizounganishwa kwa kufuatana ndo maana volti imepanda na mAh ikabaki ndogo. Powabenki nazo ndo hivyo, ile ya 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, ikitoka kwenye waya kwa volti 5 ni 14,800, na bado kuna inayopotea kama joto wakati wa kubadilisha. Ukitaka kulinganisha vitu viwili tafuta wati-saa, kwa kawaida zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Diski hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa elfu, baiti bilioni 512. Windows inahesabu kwa 1024, ukigawanya inatoka 476. Ni vitu vilevile vimehesabiwa kwa vipimo viwili. Ila pamoja na hilo mfumo wenyewe unakula nafasi yake, hiyo ndo ya kuuliza kabla ya kununua simu yenye nafasi ndogo.

Kitu kimoja nikiwa hapa. Kila siku naletewa simu ambayo ina kila kitu kizima isipokuwa betri imechoka au imevimba. Zamani unafungua kifuniko kwa kucha, unatoa unaweka nyingine, nusu dakika. Sasa naipasha moto mgongo wa kioo, napitisha kadi nyembamba kidogokidogo pembeni gundi iachie, nikikosea kioo kinapasuka, nafika kwenye betri nayo imegundiwa. Betri haina lawama, lithiamu inachoka kwa kutumika, baada ya miaka miwili mitatu lazima ishuke. Kosa ni kuifungia kama vile haitachoka. Simu imekuwa nyembamba kwa milimita, na milimita iliandikwa kwenye tangazo. Muda wa kubadilisha betri haukuandikwa.

#12 Mleta uzi

Mkuu #11 Mungu akubariki, hiyo mistari yako ya mwisho ndo kiini cha huu uzi kuliko nilivyoandika mimi.

Nimalizie na simu mbili halafu nirudi kwenye hoja ya #6 maana naona ina jibu.

Ya kwanza iPhone ya 2007. Mwaka huo Nokia N95 ilikuwa sokoni, kamera megapikseli 5, GPS, intaneti ya 3G. iPhone ikaja na megapikseli 2, haina GPS, haina 3G, hairekodi video, huwezi kunakili na kubandika maandishi, programu za nje huweki, duka la programu lilikuja Julai 2008. Ukikaa na jedwali iPhone inapigwa vibaya. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs jukwaani alichofanya ni kusogeza orodha ya nyimbo kwa kidole, ikateleza, ikafika mwisho ikadunda kidogo kama ina mpira. Watu ukumbini wakapiga kelele. Ule mdundo hauna kipimo. Na mwanzoni simu ilikuwa na uso wa plastiki, Juni 18, siku chache kabla ya kuanza kuuzwa, Apple wakatangaza wamebadili kuwa kioo cha glasi kwa sababu plastiki inachubuka. Uso unaogusa kutwa nzima na unaokaa mfuko mmoja na funguo. (Kwa kupitiliza tu, picha za matangazo ya iPhone saa inasoma 9:41, ni kwa sababu walipanga picha ya simu ijitokeze kama dakika ya 40 hivi ya hotuba iliyoanza saa tatu asubuhi, wakataka saa ya kwenye picha ilingane na saa ya ukumbini. Mpaka hilo walilifikiria.)

Ya pili ni Nokia 1100, ya mwaka 2003. Hii mtu akiisema simu bora watu wanacheka na hawapaswi kucheka. Kioo cha nukta 96 kwa 65, rangi hakuna, kamera hakuna. Vitufe vimefunikwa na mpira mmoja usio na matundu ili vumbi lisiingie. Pembeni ina mikunjo ya mpira mkono wenye jasho usiteleze. Juu ina tochi. Aliyeibuni alikuwa amewaza mtu anayefanya kazi nje juani, kwenye vumbi, halafu usiku hana taa. Zimeuzwa zaidi ya milioni 250, na ni miongoni mwa vifaa vya umeme vilivyouzwa sana duniani kuwahi kutokea. Sisi wenyewe simu ndogo zote tunaziita vitochi mpaka leo hata ambazo hazina tochi. Nimeitumia, ilidondoka kwenye ndoo ya maji nikaifungua nikaianika vipande vipande, jioni ikawaka.

#13

Lakini mkuu hao haohao Nokia na hiyo simu bora wameishia kuuza kitengo chote cha simu kwa Microsoft 2014. Ubora wa kushika mkononi haukuwaokoa.

#14 Mleta uzi

Ni kweli na inauma. Nadhani kilichotokea ni kwamba walikuwa wanajua sana mkono na mfuko, ila simu ikageuka kuwa kompyuta, na kompyuta inaishi kwa programu, kama #4 alivyosema ya Compaq. Symbian, mfumo wa simu za Nokia wakati huo, ilikuwa ngumu kwa waandika programu, duka la Apple na la Android likajaa, N95 na ndugu zake zikabaki na namba nzuri na hakuna cha kuweka ndani. IBM Simon ya 1994 nayo ilikuwa na kioo cha kugusa, barua pepe, kalenda, faksi, miaka 13 kabla ya iPhone, zikauzwa kama elfu 50 tu, betri saa moja. Wazo likiwahi sana kabla ya betri na mtandao nalo linaanguka. Kwahiyo sidai kwamba ukijali mkono wa mtu utashinda biashara.

#15

#6 hapa. Bado hujanijibu. Mteja wangu nimpe nini badala ya GB na megapikseli?

#16 Mleta uzi

Mpe namba mkuu, ila namba nyingine. Ulivyosema kwamba mteja anahitaji kitu cha kulinganisha bila kukuamini, nimekubali. Basi tudai vipimo vya yale #11 anayoyaona mezani kwake.

Na vimeanza kuja. Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 20 Juni 2025 simu na tableti zinazouzwa huko lazima ziwe na lebo ya rangi kama zile za majokofu. Ndani yake kuna betri iliyojaa inakaa masaa mangapi, betri inavumilia kuchajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka kiasi fulani, daraja la kuhimili kudondoka, daraja la urahisi wa kutengenezeka, na kinga ya vumbi na maji. Hizi simu nyingi ni zilezile za makampuni yanayouza dunia nzima, kwahiyo hata wewe uliye mbali na huko ukiwa unaangalia modeli fulani tafuta lebo yake mtandaoni, usome. Nyingine ni miaka ya apdeti. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka saba, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, na wakaiweka kwenye matangazo kabisa. Hiyo namba ilikuwa haitajwi na mtu, sasa wanashindania. Mimi hapo nashangilia washindane.

Kwa mteja wako leo, maswali matatu tu: apdeti miaka mingapi, betri inabadilishwa kwa shilingi ngapi na kwa muda gani, na wati-saa ngapi kama ni laptopu. Usipojua majibu mwambie hujui mtafute pamoja.

#17

#6. Nimeyaandika kwenye karatasi nitabandika kauntani kesho. Hilo la betri nitamuuliza fundi #11 bei zake kwanza.

#18

#11. Njoo na modeli unazouza sana, nitakuandikia moja moja dakika zinazotumika kufungua. Kuna mbili nazijua mgongo wake unafunguka kwa skrubu, hizo ziweke mbele.